Waliozaliwa Tarehe Mosi Januari

Wanangu mnaoanza kazi ya takwimu bima, shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjazitoa. Marahaba. Mwalimu wenu mmoja alinipigia simu akaniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu namna ya kujenga modeli za bima ya maisha zinazokwenda haraka. Alitaka ushauri. Ushauri ninao, alhamdulillahi, lakini umeshikamana na mambo mengine na sijui kuutenganisha nayo. Mtanivumilia. Naandika nikiwa nyumbani Ilala, katika sebule yenye viti sita na mkaaji mmoja, kwa hiyo hakuna wa kunikatiza nikirefusha maneno.

Kwa asiyeijua, kazi yetu ni hii. Mtu anaahidiwa kwamba siku akifa, watu wake watalipwa. Naye anatoa kidogo kila mwezi. Sisi ndio tunaosema kidogo hicho kiwe kiasi gani, ili ahadi isije ikavunjika miaka thelathini mbele. Nani atakufa lini hatujui, hilo analijua Mwenyewe. Tunachojua ni kwamba ukichukua watu wengi wa umri mmoja, wanaoondoka mwaka huu hawapishani sana na walioondoka mwaka jana. Modeli ni kuiambia kompyuta imzeeshe kila mteja mwezi baada ya mwezi mpaka ahadi yake iishe, kisha ijumlishe.

Ni kazi ya upweke, niwaambie mapema. Daktari akirudi nyumbani husema leo nimetibu fulani. Sisi tutasema nini? Pale penye kahawa, Mtaa wa Sikukuu, wenzangu wakiniona natokea walikuwa wakisogezana kwenye benchi.

"Mpisheni katibu wa Izraili!"

"Kaa mbali, bwana, mimi bado nina deni la mahari."

Nilicheka nao, nikanywa kahawa yangu. Hata hivyo, katika miaka yote ile hakuna aliyeniuliza mara ya pili nafanya nini hasa. Marehemu mke wangu pekee ndiye aliyeuliza, naye alikuwa akisinzia kabla sijafika kwenye riba.

Hesabu sikuanzia shule, nilianzia madrasa. Maalim wetu alitufundisha mirathi tukiwa bado wadogo. Siku moja akatupa swali: mtu amefariki, ameacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Tukaanza kumgawia kila mmoja peke yake, ubao ukajaa sehemu juu ya sehemu. Maalim akaufuta wote kwa kiganja. "Mke ana thumuni yake, mtoeni kwanza. Waliobaki hesabuni vichwa. Wa kiume vichwa viwili, wa kike kimoja. Vingapi?" Vichwa saba. "Gawa mara moja, nendeni mkale."

Nilikuja kuajiriwa, nikasoma vitabu vinene vya kigeni, na siri ya modeli ya haraka niliyoikuta humo ilikuwa ileile ya maalim. Usimhesabu kila mtu peke yake kama kuna wenzake walio sawa naye. Wahesabu vichwa.

Lakini modeli yangu ya kwanza sikuijenga hivyo. Niliijenga kijinga. Kampuni ilikuwa ghorofa ya nne, si mbali na Mnazi Mmoja, na chumba chetu kilikuwa na watu wawili: mimi na mkuu wangu, Mzee Mushi, Mlutheri wa Machame, mwembamba, mpenda utani, ambaye aliniita Sheikh tangu siku ya kwanza. Nilimpa kila mteja mstari wake kwenye lahajedwali, na katika kila mstari kompyuta ilikokotoa upya, mwezi kwa mwezi, uwezekano wa mtu huyo kufa. Niliiwasha asubuhi. Jioni bado. Kesho yake saa nne bado. Nikaenda kuswali adhuhuri, niliporudi skrini ilikuwa nyeusi. Mama wa chai alikuwa ameichomoa ili achomeke birika.

"Mwanangu, ilikuwa inalia tu toka jana," akasema. "Nilidhani imeharibika."

Mzee Mushi alicheka mpaka akavua miwani. Akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: USICHOMOE, INAHESABU VIFO, akaibandika ukutani. Kwa wiki nzima hakuna mgeni aliyekubali kukaa kiti kilichokuwa karibu na kompyuta ile.

Kisha akavuta kiti chake kwangu. "Sheikh, mwanamume wa miaka arobaini wa Temeke na mwenzake wa Magomeni, unawazeesha kwa jedwali moja au mawili?"

"Moja."

"Sasa mbona unalikokotoa mara mbili?"

Hapo ndipo nilipojifunza. Kokotoa jedwali mara moja kwa kila umri, liweke pembeni, kila mteja aje alisome tu. Yule ambaye ahadi yake imekwisha, mtoe kwenye mzunguko, usiendelee kumzeesha bure. Wanaofanana waweke kundi moja, mstari mmoja, na pembeni uandike wako wangapi. Na kila ukimaliza, chagua mtu mmoja, mhesabu kwa kalamu na karatasi toka mwanzo hadi mwisho. Ukipishana na kompyuta hata kidogo, usiende nyumbani. Mzee Mushi alikuwa na kawaida nyingine: mara moja kwa mwaka aliiwasha ile modeli ndefu, yenye kila mtu na mstari wake, Ijumaa jioni, ikahesabu mpaka Jumatatu. Jibu lake alililinganisha na la modeli fupi. "Ya haraka ni ya kazi," alikuwa akisema, "ya polepole ni ya kuungama." Kuungama ni kwao, lakini nilimwelewa.

Sasa nifike ninapotaka kufika.

Kampuni ilianzisha bima ya mazishi kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kariakoo na wazee wao. Mchango ulikuwa mdogo, na sharti kubwa lilikuwa moja: anayejiunga asiwe amezidi miaka sitini na mitano. Mawakala wakaingia sokoni na fomu, na watu wakajiunga kwa wingi kuliko tulivyotarajia. Bodi ikataka hesabu mpya kila mwezi, nami nikapewa kazi ya kuifanya modeli iende haraka. Nikawagawa watu kwa jinsia na tarehe ya kuzaliwa, kila tarehe mstari mmoja. Kazi iliyokuwa ikichukua siku nzima ikawa inakwisha kabla chai haijapoa. Nilipongezwa kwenye kikao. Niliona fahari, Mungu anisamehe.

Baada ya mwaka na kidogo, vifo vikaanza kupita hesabu. Si kote. Katika mstari mmoja tu: wanawake waliozaliwa tarehe mosi Januari elfu moja mia tisa na hamsini. Mstari huo ulikuwa umebeba watu wengi kuliko mwingine wowote, na walikuwa wakifa kama watu wakubwa zaidi yao. Bodi ikaogopa. Pakaletwa hoja kwamba bima ya wazee ifutwe yote.

Nilimpelekea Mzee Mushi karatasi. Akaweka kidole kwenye mstari ule.

"Sheikh, huyu mtu wako hakuzaliwa na mama."

"Amezaliwa na nani?"

"Na wakala."

Nanyi mnajua, maana kwenye familia zenu wapo. Bibi haijui tarehe yake. Fomu inataka tarehe. Wakala anamtazama usoni, anakisia mwaka, na siku anaweka mosi Januari. Na kwa kuwa wakala hulipwa kwa anayekubaliwa, macho yake hayakuwa yakimwona mtu kuwa amezidi sitini na mitano. Kwa hiyo katika mstari wangu mmoja nilikuwa nimewarundika mabibi wa miaka hamsini na nane pamoja na mabibi wa sabini na tano, nikawapa umri mmoja. Modeli ya polepole nayo isingenionyesha kosa, maana ingesoma fomu zilezile.

Nikaomba wiki tatu kabla bodi haijaamua. Nilinunua daftari la mistari, nikaandika mwanzoni orodha ya mambo ambayo mtu mzima hayasahau: Uhuru, Mapinduzi ya Zanzibar, Azimio la Arusha, kujengwa kwa soko jipya la Kariakoo, vita vya Kagera. Kisha nikashuka sokoni kuwauliza mabibi walikuwa wapi na walikuwa wamebeba nani.

Bi Tatu nilimkuta shimoni, ile sehemu ya chini ya soko, nyuma ya mafungu ya iliki, mdalasini na pilipili manga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nusa hii, ndiyo kwanza imefika."

"Sijaja kununua, mama. Natoka bima."

"Eh! Nimeshakufa?" Akageuka kwa jirani yake. "Mwanahawa, njoo unitazame, kumbe nimekufa na hukuniambia!"

"Ningekuambiaje, na unanidai ndoo yako?" Mwanahawa akajibu.

Wakacheka, nami nikacheka. Nikamuuliza umri wake.

"Wa kwenye karatasi au wa kwangu?"

"Wa kwako, mama."

Akaacha kucheka, akanitazama. "Wa nini?"

Nikamweleza kwamba hesabu zetu zimekwenda kombo, kwamba kuna watu wanataka bima ya wazee ifutwe, na kwamba tukijua umri wa kweli huenda tukainusuru. Nikamwambia natafuta umri wa kundi, si wa mtu. Akauliza, "Na jina langu?" Nikamjibu hivi, nayakumbuka maneno yangu: "Jina halina kazi, mama. Ni hesabu tu."

Akaniambia. Siku ya Uhuru alikuwa na Saidi wake mgongoni, na mtoto wa kabla ya Saidi alikuwa ameshazikwa. Nikahesabu kichwani. Alikuwa amezidi kikomo kwa miaka saba au minane siku alipojiunga. Saidi naye alikuwa amefariki, na mumewe pia. Alikuwa akiishi chumba cha kupanga hukuhuku Ilala.

"Sanda si shida," akasema. "Majirani watanisitiri, Waislamu hawaachi maiti. Lakini mimi nataka nikalale Kilwa, alipo mama yangu. Gari la kunipeleka huko nani atalikodi? Hao jirani? Ndiyo maana nikajiunga. Nisiwe mzigo wa mtu, na nisibaki huku peke yangu."

Nilimshukuru. Nikasogea hatua mbili, nikafungua daftari, na pembeni ya umri nikaandika jina lake. Nilikuwa nikifanya hivyo kwa wote, ili nisimuulize mtu mmoja mara mbili. Sikuwa na nia nyingine. Mwenyezi Mungu anajua.

Zile wiki tatu zilizaa matunda. Mstari wa mosi Januari niliuvunja, nikautawanya katika umri mbalimbali kwa uwiano nilioupata kwenye daftari. Mistari iliongezeka kidogo tu, modeli ikabaki ya haraka, na safari hii ilisema kweli. Vifo vikaingia mahali pake. Ikaonekana bima ya wazee inaweza kusimama, ilimradi mawakala waache kukisia. Bodi ikakubali iendelee. Mpaka leo, kama kazi ya modeli, ndiyo bora niliyowahi kuifanya.

Mzee Mushi alikuwa Machame kwenye msiba siku mkuu wa uandikishaji, anayeamua mteja yupi akubaliwe, alipopanda chumbani kwetu. Alikuwa mama mpole, mwenye kufuata taratibu.

"Ndugu yangu, hongera. Huo umri umeujuaje?"

"Niliwauliza wenyewe."

"Na majina yao unayo?"

Ningeweza kusema sina. Lakini sikulelewa kusema uongo, na daftari lilikuwa mezani. Nikasema ninayo. Akasema daftari ni la kampuni. Kweli lilikuwa la kampuni, ijapokuwa nililinunua mwenyewe. Nikampa. Nilifikiri: ukweli haudhuru.

Mzee Mushi aliporudi nilimsimulia. Hakupandisha sauti.

"Modeli ilitaka nini, Sheikh?"

"Umri."

"Majina nani alikuomba?"

Akavaa miwani, akaendelea na kazi yake. Siku hiyo hakufanya utani wowote.

Mkataba ulisema wazi kwamba aliyezidi umri bima yake ni batili, anarudishiwa alichochanga. Barua zikatoka. Niliposikia zimetoka nilishuka sokoni, nikitaka kufika kabla ya barua. Bi Tatu aliponiona akafurahi.

"Mwanangu wa bima, umekuja wakati mzuri. Wameniletea bahasha, na Mwanahawa hajui kusoma, nami sijui. Nisomee."

Wanangu, nimewahi kusimama mbele ya wakurugenzi wakali, nimewahi kuulizwa maswali na wakaguzi wa kigeni. Sijapata kusoma kitu kizito kama ukurasa ule mmoja. Nilisoma wote. Nilifikiri kuruka sehemu, nikaona huo utakuwa uongo wa pili.

Bi Tatu aliipokea barua, akaikunja. Akazipanga upya zile iliki ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Si uliniambia jina halina kazi?"

"Nilikuambia hivyo, mama."

"Basi."

Mteja akaja, akampimia, akamrudishia chenji. Nilisimama pale. Mteja alipoondoka nikamwambia nimekosa, nikamwomba radhi, nikamwambia kwamba gari la Kilwa nitalikodi mimi. Hata kama nitauza kitu. Nilimwapia.

Akanitazama bila hasira. Ningependa angekasirika.

"Wewe nikifa utajuaje?" akasema. "Wale niliwalipa ili wajue."

Nilimwandikia rufaa, ikakataliwa. Nikaandika nyingine kwa niaba ya wote waliokatwa, Mzee Mushi akatia saini yake chini ya yangu, nayo ikakataliwa. Nikajiwekea utaratibu wangu: kila Ijumaa baada ya swala nashuka shimoni. Shikamoo, mama. Marahaba. Nilinunua iliki nyingi kuliko alizoweza kutumia mke wangu. Hakuniita tena mwanangu wa bima, aliniita bwana. "Umekuja, bwana." "Haya, bwana." Nilipokea. Nilikuwa na subira, nikiamini kwamba ipo siku neno la zamani litamtoka.

Kisha mke wangu akaugua. Miezi ile sikumbuki nilikwenda wapi isipokuwa hospitali na nyumbani. Alipofariki, nikakaa eda ambayo mwanamume hakuandikiwa, sikutoka wala sikutaka kuonwa. Nilipokuja kushuka sokoni, mahali pa Bi Tatu alikuwa amekaa mama mwingine, anauza vitunguu saumu. Mwanahawa naye hakuwapo.

"Bi Tatu? Alisema anapumzika."

"Amekwenda wapi?"

"Wengine wanasema kwao. Mimi nimepewa nafasi tu, baba."

Nikaenda Ilala kwenye chumba chake. Mwenye nyumba alikuwa mpya, hakumjua. Nikasema nitamfuata Kilwa. Ndipo nilipogundua kwamba Kilwa ni kubwa: kuna Kivinje, kuna Masoko, kuna vijiji visivyohesabika ndani. Katika daftari langu niliandika jina lake ambalo halikuhitajika. Kilwa ipi, sikuuliza, maana modeli haikuhitaji. Nilikwenda hata hivyo, siku nne, nikauliza misikitini. Akina Bi Tatu walikuwa wengi, wake sikumpata.

Kwa hiyo ushauri ambao mwalimu wenu aliutaka ni huu, na ninautoa nikiwa na shukrani kwamba bado napumua niweze kuutoa. Jengeni modeli za haraka. Wawekeni watu katika makundi, hakuna dhambi, maalim wangu alifanya hivyo na urithi wa mayatima. Hakikini kwa mkono. Iogopeni tarehe yoyote inayopendwa na watu wengi mno. Na mkienda kumuuliza mtu, ulizeni kile tu modeli inachokihitaji, msiandike zaidi, kwa sababu mtakachokiandika mtakuja kuombwa, na siku hiyo hamtaweza kusema hamna. Ama mtu akiwaamini mpaka akawaambia anapotaka kulala, hapo tokeni kwenye hesabu kabisa, mumuulize kama mtoto anavyomuuliza mama yake, na jibu mliweke moyoni.

Mzee Mushi alikwishatangulia. Watoto wangu wako mbali, mmoja Mwanza, mmoja Muscat, wanapiga simu, Mungu awabariki. Bi Tatu kama yu hai amekaribia tisini. Majedwali yangu ninayo bado, yanaweza kuniambia katika wanawake mia moja wa umri ule ni wangapi wamebaki. Kama yeye ni mmoja wao, hayajui.

Kila alfajiri nikishaswali nainua mikono na kuwataja watu wangu mmoja mmoja. Aliye hai humwombea afya. Aliyekwenda humwombea maghufira. Nikifika kwa Bi Tatu nakwama. Namwombea yote mawili. Mola wangu anajua aipokee dua ipi.